GARI LA CHAMA: KUBADILISHA BERINGI NA SILI ZA DIFU

Chama cha msingi chenye gari moja tu hujua thamani yake siku linapolala. Msimu wa kukusanya mazao haumngoji fundi, wala mbolea haiendi shambani kwa miguu. Makala haya yanaeleza ugonjwa mmoja unaolilaza gari, nao ni kuchakaa kwa beringi na sili za difu. Mfano wetu ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985. Hatukusudii kumgeuza katibu awe fundi. Twakusudia aweze kuuliza maswali ya haki kabla ya kutia sahihi hati ya malipo.

Kazi ya difu

Difu ni ule uvimbe wa chuma ulio katikati ya ekseli. Ndani yake mna giya ndogo iitwayo pinioni, ambayo huzungushwa na propela, nayo huizungusha giya kubwa iitwayo krauni. Katika gari fupi la aina hii pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47. Kwa hiyo propela huzunguka mara 4.7 ili magurudumu yazunguke mara moja. Pinioni na krauni hushikwa na beringi zisiyumbe. Sili ni pete ya mpira yenye springi ndogo, izuiayo oili isitoke pale pinioni inapotokeza nje.

Madhara huja kwa hatua. Sili hukatika, oili hupungua, beringi hukauka na kulegea, kisha meno ya krauni na pinioni hupoteza mpangilio wake na kuliana. Aliyepuuza pete ya mpira hujikuta akinunua difu nzima.

Dalili

Oili ikionekana mbele ya difu, karibu na propela, sili ya pinioni ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lakini kabla ya kuilaumu, fundi asafishe kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, hewa ndani ya ekseli hupata joto, hukosa njia, na huisukuma oili ipite penye sili. Sili mpya nayo itavuja vivyo hivyo.

Mvumo unaobadilika dereva akanyagapo na aachiapo mafuta huashiria pinioni na beringi zake. Mvumo unaobadilika gari likatapo kona huenda ukawa wa beringi za magurudumu. Hizo zikaguliwe kabla ya kufungua difu. Oili ikionekana ndani ya gurudumu, gari lisimamishwe mara moja, kwani oili ikifika kwenye viatu vya breki ni hatari kwa maisha ya abiria.

Kufungua

Hendibreki ya Land Rover hii hushika propela, haishiki magurudumu. Propela ya nyuma ikifunguliwa, hendibreki haina kazi tena. Kwa hiyo magurudumu yazuiwe kwa magogo au mawe, mbele na nyuma, kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya gari.

Kisha oili humwagwa, shafti za pande zote mbili huvutwa nje, propela hufunguliwa, na difu hutolewa yote kwa upande wa mbele. Gari refu aghalabu lina difu ya nyuma ya aina ya Salisbury, ambayo hufunguliwa kwa kifuniko cha nyuma na huhitaji chombo maalumu cha kuipanua. Kazi hiyo isifanywe chini ya mwembe.

Kufunga na kupima

Vifuniko vya beringi za krauni vitiwe alama, kwa kuwa kila kimoja hurudi mahali pake. Beringi hubadilishwa pamoja na kikombe chake. Beringi mpya katika kikombe kikuukuu haidumu. Krauni na pinioni ni mume na mke: hununuliwa pamoja na hazitenganishwi.

Uso ambao sili hukaza ukiwa na mfereo, sili mpya haitafaa kitu mpaka kipande hicho nacho kibadilishwe. Sili huingizwa ikiwa imenyooka, upande wa springi ukielekea oili, na mdomo wake ukiwa umepakwa oili.

Hapa ndipo ufundi hujulikana. Nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni iwe milimita 0.20 hadi 0.25, nayo hupimwa kwa saa ya kupimia, haikisiwi kwa kidole. Fundi hupaka rangi kwenye meno, huizungusha krauni, kisha hutazama alama: ikiwa katikati ya jino, mpangilio ni mwema. Ikiwa ukingoni, pinioni isogezwe kwa kuongeza au kupunguza vibati vyembamba vya kurekebishia. Mwisho hutiwa oili ya giya namba 90, gari likiwa mahali tambarare, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kipimo.

Maswali ya katibu kwa fundi

(a) Je, kitundu cha kupumulia kimesafishwa?
(b) Je, unayo saa ya kupimia, na kipimo kilikuwa kiasi gani?
(c) Beringi zilizotolewa ziko wapi, na namba zake ni zipi?

Namba huchorwa ubavuni mwa beringi. Katibu aziandike katika daftari la gari, kwani kwa namba hizo beringi huweza kutafutwa kwa muuzaji yeyote. Vipuri vikuukuu vionyeshwe kwa kamati ndipo malipo yaidhinishwe. Hilo si kumdharau fundi. Ni kuwapa wanachama hesabu ya fedha yao. Na dereva aagizwe kukagua oili ya difu mara kwa mara, hasa baada ya kuvuka mto, kwani maji yakiingia humo huharibu beringi bila kupiga kelele.