Fulana 600 si fulana 30 mara ishirini

Anayeagiza nyingi apunguziwe bei: hiyo ndiyo kanuni ya biashara ya kuchapa fulana, na mteja wa Kalemie anaijua sawasawa na fundi. Kanuni ni ya kweli, ila ina mpaka wake. Duka dogo lisilojua mpaka huo uko wapi huweza kuangushwa na oda liliyoipokea kwa shangwe. Nashikilia kwamba hapa Kalemie nafuu ya wingi huisha mapema, na kuanzia hapo kila fulana inayoongezeka humwongezea fundi mzigo wa siku na wa fedha, mizigo ambayo bei ya kipande kimoja haionyeshi.

Tuchukue hesabu ya mfano. Nembo ina rangi tatu kifuani, na mgongoni kuna maandishi ya rangi moja. Katika serigrafi kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo fremu ni nne. Tuseme kuandaa kila moja, kuanzia karatasi ya picha hadi dawa ya kuziba nyavu, kunagharimu dola 10. Dola hizo 40 zikigawanywa kwa fulana 30, kila fulana inabeba dola 1 na senti 33. Zikigawanywa kwa 100 ni senti 40, kwa 200 ni senti 20, na kwa 600 ni senti 7. Kutoka 30 hadi 200 fundi ameokoa zaidi ya dola moja kwa kila fulana, na ni haki amgawie mteja. Kutoka 200 hadi 600 ameokoa senti 13 tu. Mteja anayedai bei ya fulana 600 iwe chini ya bei ya fulana 200 kwa nusu dola anadai kitu ambacho fremu hazikukizalisha. Nusu dola hiyo itatoka kwenye ujira wa fundi.

Sasa tazama upande wa siku. Fulana 600 zenye rangi nne ni mivuto 2,400 ya wino, na hiyo 2,400 ndiyo namba ya kupangia kazi. Vijana wawili wakifikisha mivuto 60 kwa saa, ni saa 40. Wino wa plastisoli haukauki kwa upepo, unahitaji joto la nyuzi 160 hivi, na joto hilo linataka umeme. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaofika mjini hutoka kituo cha maji cha Bendera. Ukipatikana saa tano kwa siku, saa 40 zimekuwa siku nane. Ukikosekana ni jenereta, na mafuta yake hayakuwemo kwenye bei. Fulana zikiwa nyeusi, huchapwa kwanza tabaka la weupe ili rangi zionekane: fremu ya tano, na mivuto mingine 600 ikiwa ni ya kifuani tu. Zikiharibika mbili katika kila mia, ambacho si kiwango kibaya kwa kazi ya mkono, fulana 12 zimekwenda. Kwa hiyo fundi anayenunua 600 kamili atalazimika kwenda kutafuta nyingine za rangi ileile na saizi ileile wakati mteja amesimama mlangoni.

Na kuzitafuta si jambo dogo. Mji huu uliwahi kuwa na Filtisaf, kiwanda kilichosokota nyuzi na kufuma vitambaa hapahapa, lakini kimekufa zamani, na fulana tupu sasa zinatoka mbali. Zinazopitia Dar es Salaam husafiri kilomita 1,250 hivi kwa reli hadi Kigoma, kisha huvuka ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipopanda na kuingia sehemu za mji, kila mwenye mzigo alikumbushwa kwamba ukingo wa ziwa nao hauna ahadi. Wapo watakaosema wingi hushusha bei ya fulana tupu zenyewe. Ni kweli, lakini robota halifungwi kwa kufuata orodha ya mteja. Ukitaka XL nyingi na S chache, utabaki na S dukani, na hizo nazo ni fedha iliyolala.

Fedha iliyolala ndiyo kiini cha yote. Kwa dola 2.50 kila moja, fulana 600 ni dola 1,500 zinazotoka kabla tone la wino halijamwagwa. Mteja akilipa miezi miwili baada ya kupokea mali na ankara, duka limemkopesha bila riba. Likiwa limekubali faranga za Kongo, limebeba na hatari ya sarafu pia. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa takriban faranga 2,000, na mwisho wa mwaka ilikaribia 2,700. Miezi miwili haikupoteza yote hayo, lakini faida ya oda kubwa ni nyembamba, na kushuka kidogo kwa faranga kunatosha kuila. Bei iandikwe kwa dola, au kwa faranga za kiwango cha siku ya kulipa.

Pingamizi kubwa najua ni lipi: fundi akikaza hivi, mteja ataenda Lubumbashi au Kigoma. Wengine wataenda kweli. Lakini aliyeagiza Kigoma hawezi kuona sampuli asubuhi akasahihisha jina lililokosewa kabla ya jioni, wala kuongeza fulana 40 kesho yake. Kampeni ya uchaguzi wa 2023 ilianza tarehe 19 Novemba na kufungwa tarehe 18 Desemba, na fulana ya mgombea iliyofika tarehe 20 ilikuwa kitambaa tu. Ukaribu huo una thamani, na fundi autie kwenye bei bila aibu. Pingamizi la pili, kwamba watu hawana fedha ya kutanguliza, lina uzito zaidi. Jibu lake ni kuigawa oda: 200 zilipiwe, zichapwe, zichukuliwe, ndipo 200 nyingine zianze. Teknolojia nayo haiondoi tatizo: mashine mpya za kuchapa kwenye filamu hazihitaji fremu na zinafaa oda ndogo, ila kwa mamia gharama yake kwa kipande haishuki sana, na wino wake hugandia ndani ya mashine ikikaa bila umeme.

Mashirika, ofisi za serikali na vyama vinavyoagiza fulana Kalemie kwa ajili ya kampeni za chanjo na sherehe za tarehe 8 Machi vinazijua tarehe zao mapema. Vilete oda wiki sita kabla, vikiwa na orodha ya saizi iliyokamilika, na vilipe arbuni inayotosha kununua fulana tupu siku ileile ya kusaini.