Nambari ya Simu Si Nambari: Aina za Data na Daftari la Ukoo



Koo nyingi za Kiomani zilizotoka Unguja na Pemba zimetawanyika, na wetu ni mmoja wao. Walio wengi wako Maskati, wengine Dubai, wengine hawakuondoka Unguja, na sisi wachache tuko London. Mimi nakaa Thamesmead, kusini-mashariki ya mji, kando ya mto. Kwa kuwa kazi inayonipa riziki ni ya kanzidata, wazee walinikabidhi daftari la ukoo nilitie kwenye kompyuta: majina, kuzaliwa, kufariki, simu, na michango ya mfuko wa mazishi. Sasa jamaa wawili watatu huko Ghuba wanataka kufanya hivyo hivyo kwa koo zao, na wameniuliza waanzie wapi. Waanzie kwenye aina za data. Mimi nilizisomea darasani, lakini nilizielewa siku nilipozikosea.

Alifariki mzee wetu mmoja Maskati. Khabari ikapelekwa kwa ujumbe wa simu kwa ukoo mzima kutoka kwenye orodha niliyoitengeneza, mara tu baada ya Alfajiri. Wote wa Maskati waliipata. Shangazi yangu wa Unguja hakuipata, na marehemu ni mtoto wa ami yake, walilelewa nyumba moja. Kila mtu alidhani ujumbe umemfikia, kwa hiyo hakuna aliyempigia. Alisikia siku ya tatu, khitma imekwisha somwa, na alisikia kwa mtu baki, sokoni Darajani. Aliponipata kwenye simu hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, mimi nimetolewa kwenye orodha lini?"

Hakuna aliyemtoa. Orodha ilikuwa imeandikwa na binamu yangu Maskati kwenye lahajedwali, yale majedwali ya miraba tunayoyafungua ofisini kila siku. Aliandika nambari na ufunguo wa nchi, bila ya alama ya kujumlisha mwanzoni. Programu ikaona tarakimu tupu, ikaamua yenyewe kwamba hii ni hesabu. Na programu ile ina desturi yake: hesabu ikizidi tarakimu kumi na moja huifupisha kwa mtindo wa wanasayansi. Nambari ya Oman ni 968 na tarakimu nane, jumla kumi na moja, ikapita salama. Nambari ya Tanzania ni 255 na tarakimu tisa, jumla kumi na mbili. Ikageuka kuwa 2.55777E+11. Za Imarati na za Uingereza nazo ni kumi na mbili, nazo zikageuka vivyo hivyo. Binamu alipoihifadhi orodha kama faili la maandishi matupu ili anipelekee, faili likachukua kile kinachoonekana kwenye kioo, si kile kilichoandikwa. Tarakimu sita za mwisho za shangazi zikapotea, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Tazameni jinsi kosa lilivyojificha. Binamu yuko Maskati, jamaa anaowajua zaidi wako Maskati, na kila nambari aliyoipitia kwa macho ilikuwa sahihi. Waliopotea ni wa mbali, wale ambao orodha ilitengenezwa kwa ajili yao. Na mimi niliyeipokea nikaimimina kwenye jedwali langu bila ya kutazama, kwa sababu safu ya simu nilikuwa nimeiacha ipokee chochote.

Kanzidata ya uhusiano ni majedwali yanayojuana. Kila mstari ni mtu mmoja au mchango mmoja, na kila safu ni jambo moja linalojulikana juu yake. Fikra hii ilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa Portland, Dorset, mwaka 1923, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani. Katika makala yake ya mwaka ule alitaka kila safu iwe na kundi lake la thamani zinazokubalika. Aina ya data ndiyo njia yetu ya kila siku ya kulitaja kundi hilo: unaiambia mashine mapema, kabla ya mtu wa kwanza kuingizwa, kwamba safu hii ni ya tarehe, hii ni ya nambari kamili, hii ni ya maandishi. Baada ya hapo, anayeleta kisichofaa anarudishwa mlangoni.

Hapa Thamesmead tunao mfano wa jambo hili kwa saruji. Mji huu ulianza kujengwa miaka ya 1960 juu ya ardhi ya kinamasi, na familia ya kwanza ilihamia mwaka 1968. Mafuriko ya mwaka 1953 yalikuwa bado hayajasahaulika, ikakatazwa kuweka vyumba vya kukaa watu usawa wa ardhi katika nyumba za mwanzo. Chini pakawekwa gereji na ghala, watu wakapandishwa juu. Mpangaji hakuachiwa aamue mwenyewe wapi atandike kitanda. Ramani ilikwisha amua. Wengi hawazipendi nyumba zile, wanaziona ngumu na za kijivu, lakini mimi kila nikizipita naona fundi aliyejua maji yanatoka wapi.

Basi turudi kwenye simu. Aina ya nambari kamili ya kawaida, ile inayoitwa INTEGER, katika kanzidata nyingi hufika 2,147,483,647 na hapo husimama. Nambari ya shangazi haiingii. Mwanafunzi atasema tuchukue BIGINT, iliyo kubwa zaidi, na kweli itaingia, lakini sifuri ya mwanzo itatupwa na alama ya kujumlisha itatupwa, kwa kuwa kwa mwanahesabu 0777 na 777 ni kitu kimoja. Kipimo changu siku hizi ni swali moja: je, kuna siku nitaijumlisha hii? Hakuna mtu anayejumlisha simu ya shangazi na simu ya mjomba. Basi ni maandishi, TEXT, hata kama ndani yake mna tarakimu tu. Kadi ya ukaazi ni maandishi. Pasipoti ni maandishi. Anwani ya posta ya kwangu inaanza SE28, na hiyo angalau inajitangaza yenyewe kwa herufi zake.

Majina ni maandishi bila ya ubishi, lakini yana mtego wake. Vitabu vingi vya mafunzo huwekea jina kikomo cha herufi ishirini au thelathini, kwa sababu vimeandikwa kwa watu wenye majina mawili. Sisi mtu ni Salim bin Said bin Salim, kisha babu mwingine, kisha kabila. Kanzidata kali kama PostgreSQL itakataa jina lililozidi kikomo. Nyingine, zikiachwa legelege, hulikata kimya kimya, na kinachokatwa ni mwisho wa jina, ndiyo kabila lenyewe, ndicho kitu pekee kinachomtenganisha Salim bin Said huyu na yule. Msiweke kikomo. Na msimtambue mtu kwa jina. Mpeni kila mmoja nambari yake ya ndani ya daftari, isiyobadilika.

Tarehe ndizo zilizonichosha zaidi. Bibi yangu aliandikwa na baba yake nyuma ya kitabu: amezaliwa usiku wa Ijumaa, Mfungo Sita, mwaka 1357. Siku ya mwezi hakuitaja. Kwenye karatasi zake za serikali karani mmoja alimwandikia 1 Januari 1938, na ndivyo alivyokwenda nayo maisha yake yote. Sasa aina ya DATE inataka siku, mwezi na mwaka, vyote vitatu, kwa kalenda ya Miladi. Ukiipa 1938 peke yake inakataa. Ukiipa 1357 na mwezi na siku inakubali, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu inadhani ni mwaka 1357 wa Miladi, na bibi anakuwa na umri wa zaidi ya miaka mia sita. Lakini ukileta tarehe 30 Mfungo Tano, ambayo kwa Hijria ni mwezi wa pili na mara nyingine hufika siku thelathini, inarudishwa kama Februari 30 isiyokuwepo. Aina ya data huchungulia umbo la kitu. Ukweli wake hauoni.

Mfungo Sita wa 1357 uliangukia Mei 1938. Kwa hiyo Januari ya karani si kweli, na hilo tunalijua kwa hakika. Halafu kuna ule usiku wa Ijumaa. Kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao Mwingereza anauita Alkhamisi usiku. Mjukuu aliyezaliwa London atatafuta Ijumaa kwenye kalenda na atakosea siku moja bila ya kujua. Saa nazo ni hivyo hivyo: mtoto akiandikiwa saa mbili usiku na bibi yake, aina ya TIME itaweka saa nane za usiku wa manane, isipokuwa aliyeingiza ageuze mwenyewe kuwa 20:00.

Nilichofanya ni kugawa jambo moja katika safu nne. Ya kwanza ni maandishi, nayo hubeba maneno ya mzee kama alivyoyaandika, bila ya kuyatengeneza. Ya pili ni mwaka wa Hijria, nambari kamili. Ya tatu ni mwaka wa Miladi, nambari kamili vile vile. Ya nne ni DATE, na hujazwa pale tu siku inapojulikana kweli. Zamani niliweka tarehe za makarani kwenye safu ya DATE kwa wote, na programu yangu ya salamu ikawa kila 1 Januari inawatakia heri ya kuzaliwa wazee wengi kwa mpigo mmoja. Bibi yangu mwingine, aliye hai, alinijibu, "Na wewe umeanza?"

Pesa ni fupi kueleza, ila watu wa Ghuba wanapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Programu nyingi zimetengenezwa kwa pauni na dola, zenye tarakimu mbili baada ya nukta. Riali ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo inataka tatu; dinari ya Kuwait na ya Bahrain pia. Mchango uliobadilishwa kutoka pauni ukatoka riali 12.125, kwenye safu ya NUMERIC(10,2) unahifadhiwa 12.13, na mweka hazina anapata baisa tano zisizotoka mfukoni mwa mtu. Wekeni NUMERIC(12,3). Na msiweke pesa kwenye aina ya FLOAT, inayohifadhi desimali kwa kukadiria: humo 0.1 ukiijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na mfuko wa mazishi hauna haja ya ugomvi wa namna hiyo.

Limebaki moja, na hili nililiweka mwisho kwa kuwa nililiogopa. Kila safu, iwe ya aina gani, inaweza kuwa haina kitu ndani, na SQL inaita NULL. Si sifuri, wala si neno tupu. Maana yake ni kwamba hatujui, na mashine inaishika maana hiyo barabara: ukiuliza kama NULL moja ni sawa na NULL nyingine haisemi ndiyo wala hapana. Kwenye safu ya tarehe ya kufariki nilikuwa nimeandika kanuni nyepesi, kwamba asiye na tarehe yu hai. Nikachapa orodha ya wazee walio hai niwapelekee jamaa kabla ya Ramadhani. Ndani yake yumo ndugu wa babu yangu, ambaye baada ya Januari 1964 hakuna mtu wetu aliyemwona tena Unguja, wala kaburi lake halijulikani. Binti yake yuko Maskati. Alikuwa wa kwanza kuipokea orodha.

Nilimpigia kabla hajanipigia. Tangu siku hiyo jedwali lina safu ya hali, yenye maneno matatu tu yanayokubalika: yu hai, marehemu, haijulikani. Haiwezi kuachwa tupu, na neno la nne kanzidata inalikataa. Nilimuuliza yeye baba yake aandikwe lipi kati ya matatu. Alinyamaza kidogo, akasema acha haijulikani, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kwa mnaoanza, tahadhari ya kazi: SQLite, iliyomo ndani ya karibu kila simu ya mkononi na nyepesi kuitumia nyumbani, kwa desturi yake haikazi aina za data. Safu umeitangaza ya nambari, ukiipa neno italipokea. Tangu mwaka 2021 inaruhusu kutangaza jedwali kuwa STRICT, na hapo hukaza. Andikeni neno hilo. Na nambari zikitoka kwenye lahajedwali, ile safu itangazwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika hata nambari moja, si baada.

Simu ya shangazi sasa ni maandishi, herufi kumi na tatu, ya kwanza ni alama ya kujumlisha. Wiki iliyopita nilimpigia kuijaribu. Alipokea mara moja, na kabla ya salamu akaniuliza nani amekufa.