Hydra, Kisiwa Kinachobebwa na Punda

Ugiriki ina visiwa na vijisiwa vipatavyo 6,000, na vinavyokaliwa na watu ni 220 na ushei tu. Vingi ni vikavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, majira ya baridi, na kiangazi kikiingia majani hukauka hadi milima inabaki mawe na miiba. Mtu wa Ikungi, wilaya yetu mkoani Singida, akishushwa huko mwezi wa saba ataitambua ardhi ya namna hiyo mara moja. Nimechagua kukieleza kisiwa kimoja, Hydra, kwa sababu huko punda bado ana kazi, ana bei na ana sheria inayomlinda. Sisi tunaomtuma punda maji kila asubuhi hatuna budi kukifahamu kisiwa hicho.

Hydra iko kusini mwa Athens, miongoni mwa visiwa vya Saroniki. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 50, na wakazi wake ni wapatao 2,000, karibu wote katika mji mmoja uliozunguka bandari. Feri za mwendo kasi huondoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, na safari haizidi sana saa moja na nusu.

Wageni wengi wa kiangazi hufika kwa njia nyingine: yoti ya kukodi. Mashua hizi huchukuliwa hasa katika bandari ya Alimos, pembezoni mwa Athens, na desturi ni kukodi kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Anayetaka kuendesha mwenyewe huonyesha cheti cha unahodha, na lazima awe na mwenzake mwenye uzoefu wa bahari. Asiye na cheti hulipia nahodha. Bei hufika maelfu ya euro mwezi wa Julai na Agosti, na hapo mafuta, chakula na ada za bandari vinahesabiwa kando, ukiacha dhamana ya fedha inayorudishwa mashua ikikabidhiwa salama. Kwa sababu hiyo watu sita au wanane huchanga. Mtanzania anayetoka nyumbani aongeze na viza ya Schengen. Kutoka Alimos, wengi hulala Aegina, kisiwa kinachosifika kwa pistashio, kisha Poros, ndipo waelekee Hydra.

Kuingia bandari ya Hydra ni kazi ya kutoa jasho. Nanga huangushwa mbele, mashua ikarudi kinyumenyume hadi tezi inakaribia gati, amari mbili zikarushwa na kufungwa, kisha ubao ukalazwa wa kushukia. Lakini bandari yenyewe ni ndogo mno. Gati likijaa, wanaochelewa hujifunga kwenye mashua za waliotangulia, safu ya pili, hata ya tatu, na abiria wao hufika nchi kavu kwa kukanyaga sitaha za wenzao, hodi hodi mpaka gatini. Asubuhi minyororo ya nanga imepandana chini ya maji. Anayetaka kuondoka mapema huinua nanga yake na kukuta amenyanyua na ya jirani, na hapo ndipo kamba, uvumilivu na lugha ya ishara vinapohitajika.

Ukishuka, wa kwanza kukupokea ni punda na nyumbu, wamefungwa kwa mstari, kila mmoja na tandiko lake la mbao. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi Hydra, wala pikipiki. Yaliyopo ni ya taka, zimamoto na wagonjwa. Kila kingine hupanda mlima mgongoni mwa mnyama: saruji, mitungi ya gesi, friji, masanduku ya wageni, hata mchanga wa kujengea. Vichochoro ni ngazi za mawe. Mpakiaji huanza na mizigo miwili inayolingana, huku mmoja na huku mmoja, anakaza kamba, anasukuma tandiko kwa kiganja kuona kama linayumba, ndipo aongeze wa juu. Tandiko likiyumba anafungua, anaanza upya. Mwaka 2018, baada ya kelele nyingi kuhusu watalii wazito waliokuwa wakipandishwa punda katika kisiwa cha Santorini, serikali ya Ugiriki iliweka kikomo: mzigo usizidi kilo 100, au moja ya tano ya uzito wa mnyama.

Maji yalikuwa shida yao kubwa. Kwa miaka mingi yaliletwa na meli kutoka bara, na siku hizi kuna mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Kwa mkoa wetu wenye Ziwa Singida na Ziwa Kindai, yote mawili ya chumvi, habari hiyo inastahili kusomwa mara mbili.

Mgeni hujiuliza majumba yale makubwa ya mawe yalijengwa kwa fedha gani, maana mashamba hakuna. Jibu ni meli. Wakati wa vita vya Napoleon mabaharia wa Hydra walipitisha nafaka kwa siri mbele ya manowari za Waingereza zilizoziba bandari, wakatajirika. Vita vya uhuru wa Ugiriki vilipoanza mwaka 1821 walitoa meli zao, na amiri mkuu alikuwa mtu wa hapo hapo, Andreas Miaoulis. Kila Juni huadhimisha kwa kuchoma mashua bandarini usiku. Baadaye walizamia sifongo, kisha wakaja wasanii. Mwanamuziki Leonard Cohen alinunua nyumba Hydra mwaka 1960.

Yoti zinaleta fedha, lakini zimeleta na hasara. Juni 2024 fataki zilizorushwa kutoka yoti moja zilichoma msitu wa misonobari wa kisiwa hicho, mita za mraba zipatazo 300,000, na wafanyakazi 13 wa mashua hiyo wakakamatwa. Nionavyo mimi, hakuna starehe ya usiku mmoja inayolingana na msitu, hasa mahali ambapo mti unaota kwa taabu.

Punda wa Hydra analindwa na kipimo kinachojulikana kwa kila mwenye tandiko. Kwa upande wetu, Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, wakiwa Addis Ababa, walipiga marufuku kumchinja punda kwa ajili ya ngozi, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wa kwetu ameepushwa na kisu, bado hajaepushwa na mzigo. Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Ikungi iweke kikomo kwa kilo na idadi ya madumu, ikiandike kwa herufi kubwa, na ikibandike visimani na minadani kabla ya msimu ujao wa kuvuna alizeti.