Taa ya Shilingi 40

Jua likichwa huko mashambani, nyumba isiyo na umeme huwasha koroboi. Taa hiyo ina utambi na mafuta ya taa, wala haina kioo. Mwanga wake ni hafifu, na moshi wake humwingia machoni na kifuani mtoto ainamaye karibu nayo ili asome. Ikipinduka, yaweza kuteketeza nyumba nzima. Mama wa nyumba ayajua hayo yote. Lakini mafuta hununuliwa kidogo kidogo kila jioni, na taa ya nguvu za jua iliuzwa kwa fedha nyingi mara moja. Kwa hiyo maskini aliendelea kununua moshi, wala si kwa kupenda.

Kwa nini hakukopa benki? Benki ilikuwa mjini, na pengine nauli ya kwenda na kurudi ilizidi fedha aliyotaka kuiweka. Katika nchi ya Kenya, mwaka 2006, watu wazima waliohudumiwa na benki au vyombo vingine vya fedha vinavyotambuliwa na serikali walikuwa kadiri ya 27 tu katika kila 100. Mtu aliyefanya kazi Nairobi, akitaka kuwapelekea wazazi wake fedha, mara nyingi alimkabidhi dereva wa basi au ndugu anayesafiri, akangoja kwa wasiwasi.

Mwezi wa Machi 2007, kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Njia yake ni nyepesi. Mtu humpa wakala fedha taslimu dukani. Wakala humwingizia kiasi kilekile katika simu yake. Naye huweza kumtumia mwingine, akithibitisha kwa namba yake ya siri. Noti zenyewe hazisafiri. Kinachosafiri ni hesabu tu, na fedha huwekwa benki. Hata simu ndogo isiyo na intaneti yatosha. Ilipofika mwaka 2021, wale 27 walikuwa wamezidi 83 katika kila 100.

Basi, kwa kuwa fedha kidogo iliweza kwenda mbali bila nauli, taa ya jua nayo iliweza kulipiwa kidogo kidogo. Mwaka 2012 kampuni iitwayo M-KOPA ilianza kuuza taa hizo Kenya. Mnunuzi alitoa malipo ya mwanzo, akachukua bamba la kuwekwa juu ya paa, betri na taa. Bamba hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, na betri huuhifadhi mpaka usiku. Katika miaka ile ya mwanzo alilipa shilingi 40 kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Ndani ya kisanduku cha betri mlikuwa na kadi ya simu. Malipo yakifika, taa hufunguliwa. Yasipofika, hufungwa, na nyumba hurudi gizani. Deni likiisha, chombo ni chake, na jua halimdai mtu kitu. Wala mwanga wake hauongezi hewa chafu ipashayo dunia joto, kama yafanyavyo mafuta.

Lakini mwenye busara hupiga hesabu kwanza. Shilingi 40 kwa siku 365 ni shilingi 14,600, nayo si fedha kidogo. Kulipa kidogo kidogo hakupunguzi bei, bali mara nyingi huizidisha. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Wako wanaokopa kwa simu leo ili walipe deni la jana. Tena betri iliyokufa isitupwe shambani, maana huweza kutia sumu udongo na maji.

Kwa hiyo mama huyo huuliza mambo matatu kabla ya kukubali. Mafuta ya kila siku hugharimu kiasi gani? Katika miezi ya njaa fedha ya kulipa itatoka wapi? Chombo kikiharibika, ni nani atakayekitengeneza? Akipata majibu mema, taa huwashwa, na mtoto hufungua kitabu chake pasipo moshi.