Ndoto Ndani ya Wimbo

Ndoto inayosimuliwa katika wimbo wa taarabu haikuhitaji mtu wa kuiota. Imetungwa, kama vina na kiitikio vilivyotungwa, na mara nyingi kazi yake ni kupitisha jambo ambalo stara ya pwani hairuhusu lisemwe waziwazi. Anayeimba kwamba usiku alimwona fulani kando ya kitanda chake hashtakiki. Usingizini hakuna shahidi. Hata hivyo wasikilizaji wengi, wakisikia nyoka au jino lililong'oka, hukimbilia vitabu vya tafsiri za ndoto: nyoka ni adui, jino ni msiba, basi. Vitabu hivyo huuzwa kwa jina la Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, ingawa vilikusanywa na wengine karne nyingi baadaye. Hata angeviandika kwa mkono wake visingefaa kitu hapa. Aliyelala hamchagui nyoka wake. Mtunzi humchagua, na pengine kwa sababu tu ubeti unafungwa kwa -ka.

Kina, basi, ndicho cha kutazamwa kwanza. Kuna wanaoshikilia kwamba njozi ni ya kiroho na ndoto ni ya kila mtu. Katika mazungumzo tofauti hiyo ina ukweli wake, lakini ndani ya ubeti silabi ya mwisho ina nguvu zaidi. Anayefunga kwa -to ana moto, mtoto na mto wa kulalia. Anayefunga kwa -zi ana machozi na pumzi. Moto uliokaa jirani na ndoto si lazima uwe wa Jahanamu.

Tamu zaidi ni kitenzi chenyewe. Mtu huota ndoto, huota jua, huota moto. Mbegu nayo huota. Ni vitenzi mbalimbali vilivyokuja kufanana sauti. Kile cha ndoto kilidondosha d yake njiani, ikabaki katika nomino. Mshororo wa mizani 16 hukatwa baada ya mizani 8, na hapo ndipo mtego hutegwa: mwimbaji anasema ameota, ananyamaza, fidla na ganuni zinajibizana, ukumbi unangoja. Ameota nini? Kipande cha pili kikitaja umande, ndoto imegeuka mche, na aliyekwisha kuandaa habari za mizimu ameumbuka. Kikitaja makaa, mwimbaji hakulala kabisa. Alikesha kando ya jiko akikimbia baridi ya kitanda kisicho na mwenziwe.

Yanayobaki huamuliwa na waliohudhuria. Anayeinuka na noti kumtuza mwimbaji kwenye mstari huo, huku akimtupia jicho mtu wa safu ya tatu, ameshaifasiri ndoto. Ubeti ule ule, katika harusi nyingine, utapata mwenyewe mwingine. Tangu mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wimbo umeweza kusafiri bila ukumbi wake, na msikilizaji wa santuri haoni aliyeinuka.