Tusichekane kwa Kiswahili

Kila mtu ana jambo linalomkera. Huyu hapendi jirani wa kufungulia redio usiku kucha, yule hapendi rafiki wa kubipu kila siku akingoja apigiwe. Sisi mwezi huu tumechagua kuongea juu ya lugha, sababu huko ndiko watu wanaumizana bila fimbo.

La kwanza ni kucheka Kiswahili cha mtu. Anayevuka Mpondwe akitoka Kasindi anafika Bwera na Kiswahili chake cha Kivu. Anasema, "Minatafuta kazi. Ku Beni nilikuwa natumika ku depo ya mbao." Kijana aliyesoma Kiswahili cha kitabu anaangua kicheko: "Ulitumika kama jembe?" Kumbe kwa Wakongo kutumika ni kufanya kazi. Huyo baba hajakosea, ameongea lugha ya kwao. Na wapo Wakongo wanaomcheka mwenyeji akisema "wewe kuja hapa", wakati yeye anajitahidi kuwasaidia.

Maneno yanabadilika njiani, ndivyo yalivyo. Lengalenga ya Kongo hapa Uganda ni dodo, lakini ukiomba dodo sokoni Mombasa utapewa embe. Bukari yetu hapa ni posho, na posho hiyo zamani ilikuwa chakula cha kugawiwa wafanyakazi na askari. Sasa nani amcheke nani?

La pili ni kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya amri. Tunajua ilikotoka. Wazee wengi wa Uganda walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengine walizidi kukiogopa. Lakini mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Na Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo tunachoka kuona mtu anamfokea mama kwenye foleni, "Wewe! Rudi nyuma!", halafu anamgeukia mwenzake na Kiingereza cha upole. Kusema "Mama, ngoja kidogo tafadhali" hakugharimu hata shilingi.

La tatu ni kumwita mtu "mkimbizi" kama vile ndilo jina lake. "We mkimbizi, nyanya hizi bei gani?" Ukimbizi ni hali iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwenye nyanya ana jina, na kama hulijui, mwite mama au dada. Tena Bakonzo wa Kasese na Banande wa Beni na Butembo ni ndugu. Mto Lhubiriha unawatenga, lakini ng'ambo zote mbili asante ni "wasingya".

Mtu atasema haya ni mambo madogo, tuvumilie tu. Hapana. Mtu aliyechekwa ananyamaza, na kunyamaza kunaweza kuua.

Tunamjua mama aliyefika kwenye kituo kimoja cha afya akasema, "Niko na palu." Ndivyo kwao wanavyoita malaria, kutoka Kifaransa. Watu kwenye benchi walicheka. Safari iliyofuata alikuja na mtoto wake wa miaka tisa ili amsemee. Lakini safari hiyo ugonjwa ulikuwa wa ndani, ule ambao mama hawezi kumtajia mtoto wake wa kiume. Basi alisema kichwa kinauma. Akapewa dawa ya kichwa, akarudi nyumbani akiendelea kutokwa na damu. Ni jirani aliyemrudisha kesho yake. Je, kama jirani hakuwepo?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Usiposikia neno, uliza, "Una maana gani, mama?" Halafu rudia ulichoelewa, akuambie kama ndicho. Kwa mambo ya ugonjwa, tafuta mtu mzima wa kutafsiri, mwanamke kwa mwanamke na mwanaume kwa mwanaume, mwenye kutunza siri. Mtoto aachwe acheze. Na ukisikia wengine wanacheka, usicheke nao. Waambie wanyamaze, mgonjwa amalize kusema.

Wazazi, jioni fundisheni watoto maneno yote mawili: lengalenga na dodo, bukari na posho. Mtoto anayejua yote mawili hatamcheka mgeni, atamsaidia kununua mboga.

Na wewe msomaji, ni neno gani la kwenu ambalo watu hapa hawalisikii? Tuletee pamoja na maana yake, hasa maneno ya ugonjwa. Tutayapanga toleo lijalo, upande mmoja ya Kongo, upande mwingine ya Uganda, ili mtu ayakate na kwenda nayo kituoni.