Alteneta ya ndege ya kujitengenezea: ya gari inafaa?

Haya wadau, leo tupande juu kidogo. Marekani mtu wa kawaida anaruhusiwa kujenga ndege gereji kwake na kuirusha. Sharti la mamlaka ya anga ya kule, FAA, ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wanaojenga kwa kujifunza au kujifurahisha, siyo kiwanda. Ndege zilizovuma sana ni RV za Van's Aircraft ya Oregon.

Sasa ukifika kwenye umeme, swali linakuja: si nifunge tu alteneta ya gari? Inawezekana. Wapo waliofunga Denso zilezile za magari na wanaruka. Ila angalia mambo manne kwanza.

1. Piga hesabu ya matumizi. Mliosoma fizikia mnakumbuka: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Mfumo wa volti 12 ukiwa unachaji unasoma kama volti 14. Taa ya kutulia ya kizamani ya wati 100 peke yake inakula ampea 7. Za LED zinakula kidogo sana. Jumlisha redio, skrini, GPS na kila kitu. Ukipata 28, usichukue ya 30, chukua ya 40, maana betri nayo inadai chake baada ya stata. Ya 100 nayo ya nini? Unabeba uzito wa bure.

2. Mzunguko. Injini nyingi za Lycoming mwisho wake ni kama mizunguko 2,700 kwa dakika. Puli ya injini ikiwa na upana mara nne ya puli ya alteneta, alteneta inazunguka 10,800! Beringi na mkanda vitalia. Puli kubwa kidogo kwenye alteneta inapunguza kasi, ila ukiwa unatembea taratibu ardhini utachaji kidogo.

3. Regulata. Hapa ndo penye hatari. Alteneta nyingi za gari zina regulata ndani. Ikiharibika vibaya volti zinapanda, na nyingine ukizima swichi hazisikii, zinaendelea kuzalisha. Betri inachemka, redio na skrini zinaungua. Kwenye gari unapaki pembeni. Angani utapaki wapi? Ndo maana wajenzi wengi wanachagua regulata ya nje, pamoja na kifaa kinachokata umeme volti zikifika kama 16.

4. Ikifa angani je? Injini ya magneto inatengeneza cheche yenyewe, haihitaji betri. Alteneta ikifa unapoteza redio na taa, lakini injini inanguruma. Ila kama cheche au pampu ya mafuta inategemea umeme wa betri, betri ikiisha injini inazima. Huyo lazima awe na akiba: betri ya pili, au alteneta ndogo, zipo hata za ampea 8.

Kwa hiyo usianze na bei. Anza kujiuliza: hii kitu ikifa, nitabaki na nini, na kwa dakika ngapi? Ukishajua jibu, ndo uende dukani.

Mafundi umeme wa magari mpo humu? Hiyo ya regulata kugoma kuzima mmeshaiona? Mwageni maoni hapo chini.